Sentimita Sita

Siku Kinyozi aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, kiti chake cha magurudumu kilipita kila mahali isipokuwa mahali pamoja.

Ngazi tatu za mbele zilishindwa kwa nguvu za watu. Dereva wa teksi alishika nyuma, mke wa Kinyozi akashika mbele, na binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Rula kwa sababu tangu utotoni alikuwa hawezi kuona kitu bila kukipima, akatangulia kufungua milango. Kinyozi mwenyewe alikaa juu kama bwana harusi, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kushoto.

"Taratibu, jamani," alisema. "Bidhaa hii ikivunjika hakuna ya kubadilisha."

Dereva akacheka, na wao wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. Mlango wa barazani ukapitika. Wa sebuleni ukapitika kwa kubanwabanwa. Korido ikapitika. Wakafika mlango wa choo, kule mwisho, na kiti kikagonga fremu kushoto na kulia kwa mpigo mmoja, kikagoma.

Mama akasukuma tena. Akarudi nyuma hatua mbili, akasukuma kwa kishindo, kama mtu anayetaka kuushtua mlango. Rangi ikabanduka. Mlango haukushtuka.

Rula alitoa tepu kwenye mkoba wake. Alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya usanifu majengo, na tepu ile haikumtoka mkobani hata akienda msibani. Akapima kiti: sentimita sitini na nne. Akapima mlango: hamsini na nane.

"Sentimita sita," akasema.

"Sita tu?" baba yake akauliza. "Basi ni padogo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama alifunga kanga vizuri kiunoni, akainama, akampitisha mumewe mikono chini ya makwapa, akambeba. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeshinda amesimama kutwa nzima akipiga pasi mashati ya watu kwa dobi. Rula alishika miguu, kisha akakumbuka kwamba ni mguu mmoja, akashika huo. Walipomfikisha ndani baba yake alisema, akiutazama ukuta, "Rula, toka nje, mwanangu." Akatoka. Mlango ukaachwa wazi, kwa sababu mama asingeweza kumshika mumewe na kuufunga kwa wakati mmoja.

Mama mwenye nyumba, aliyeishi vyumba vya mbele na kutumia choo hicho hicho, alitokeza koridoni na ndoo yake. Akaona. Akageuka upesi, akajifanya amesahau kitu jikoni.

Wiki ilipita. Nyumbani kulikuwa na wageni, matunda, na maneno ya kutia moyo. Wateja wa Kinyozi walikuja na vichwa vyao vichafu kwa makusudi, wakisema hawatanyolewa na mtu mwingine mpaka apone. Yeye akawatania mmoja mmoja. Lakini kila chai ilipoletwa, alisema, "Weka hapo, nitakunywa," na kila maji yalipoletwa, alisema, "Sina kiu."

Rula hakulitilia maanani mpaka alipokuja muuguzi wa kubadilisha bendeji. Muuguzi aliibana ngozi ya mgongo wa mkono wa Kinyozi kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama hema, ikachukua muda wake kushuka.

"Baba, unakunywa maji?" muuguzi akauliza.

"Nakunywa."

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha."

Muuguzi alifunga mfuko wake bila kubishana. Barazani, akivaa viatu, alimwambia Rula kwa sauti ya chini, "Huyu hanywi. Na mwenye sukari asipokunywa, tutamrudisha wodini, na safari hii itakuwa figo. Kuna nini humu ndani?"

Rula alirudi sebuleni. Akaangalia kopo la ua lililokuwa dirishani kando ya kiti cha baba yake. Udongo ulikuwa umelowa, na juu yake kulikuwa na majani ya chai.

Akakaa karibu naye. "Baba, unamwaga chai?"

Kinyozi aliligeuza kopo kidogo pale dirishani. Kisha akasema, "Mama yako mgongo umeanza kumwuma. Anadhani sioni. Nikinywa vikombe vitatu, ananibeba mara tatu. Nikinywa kimoja, mara moja. Hesabu hiyo hata mimi ninaiweza."

"Lakini utaumwa."

"Nitazoea."

"Utazoea nini, baba? Kiu?"

Kinyozi aliokota gazeti la juzi, akaanza kulisoma upya.

Chuoni, Rula alikuwa na jumba la muziki la viti mia nane.

Ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mwaka, na studio nzima, yaani darasa lao la kuchora, ilijua jumba lake ndilo lililokuwa likitangulia. Mbele yake lilikuwa na ngazi ishirini na saba, pana kama uwanja, zikipanda mpaka kwenye milango ya vioo. Mwalimu wa studio hakuwa mtu wa kusifu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Futa, maana neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni lilikuwa hilo hilo: futa. Lakini ngazi zile alizitazama, akavua miwani, akasema, "Hizi acha." Studio ilizungumza juu ya siku ile kwa mwezi mzima.

Tena kulikuwa na habari. Mkurugenzi wa ofisi kubwa ya wasanifu angekaa kwenye jopo siku ya kuwasilisha kazi, na angechagua mwanafunzi mmoja wa kumchukua. Mwalimu Futa alikwisha kumdokezea Rula, kwa namna yake ya kutazama pembeni, kwamba jina lake limetajwa.

Asubuhi iliyofuata ziara ya muuguzi, Rula alisimama mbele ya meza yake akiitazama modeli ya jumba. Aliweka kidole chini ya ngazi ya kwanza. Akajaribu kuingia. Akatafuta upande wa kulia, upande wa kushoto, nyuma. Kulikuwa na mlango wa nyuma, wa kupitisha takataka.

"Mwalimu," alisema, "nataka kuzitoa ngazi."

Mwalimu Futa alisogea. "Kuzitoa uziweke wapi?"

"Nizifute."

Wanafunzi wa meza za jirani waliinua vichwa. Haikuwahi kutokea mwanafunzi akamwambia Mwalimu Futa neno lile.

"Ngazi hizo ndizo jumba," mwalimu alisema. "Ukizigusa, sura yote ya mbele inakufa, ghorofa ya chini inabadilika, unaanza upya. Zimebaki siku kumi na moja. Umelala vizuri wewe?"

"Mtu wa kiti cha magurudumu ataingilia wapi?"

"Weka lifti pembeni. Mstatili mmoja, mstari wa mshazari, kwisha. Kila mtu anafanya hivyo."

Rula alichora mstatili mmoja na mstari wa mshazari. Akautazama. Akilini mwake alimwona baba yake kando ya jengo, karibu na mapipa, akimsubiri mtu mwenye ufunguo. Akaufuta. Kisha akafunga mkoba wake, akaenda nyumbani saa nne asubuhi.

Alianza na karatasi. Alichora ramani ya nyumba yao: mlango mpya wa choo, mkono wa chuma wa kujishikia ukutani, na njia ya mteremko badala ya ngazi tatu za mbele. Mteremko ulimtoa jasho. Kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele, na ngazi zile zilikuwa na kimo cha sentimita arobaini na tano. Hiyo ni mita tano na nusu kasoro kidogo, na kutoka barazani mpaka geti kulikuwa na mita nne. Akaukunja mteremko kuzunguka kona ya nyumba, chini ya kamba za kuanikia nguo. Akaona fahari. Akabisha kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Injinia. Karibu."

Rula alikwisha kuchoka kumweleza kwamba yeye si injinia. Akatandaza karatasi mezani. Mama mwenye nyumba alivaa miwani, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Hii ndiyo nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona haina paa?"

"Ni kama umeitazama kutoka juu."

"Kutoka juu ningeona bati." Akaisogeza karatasi pembeni. "Na hapa umeandika nini?"

"Tutavunja kidogo ukuta wa choo, tupanue mlango, ili baba aweze ku..."

"Tutavunja." Mama mwenye nyumba alivua miwani. "Binti yangu, ukuta ule aliujenga marehemu mume wangu kwa mikono yake. Kila tofali nililichotea maji mimi. Leo mlango, kesho dari, keshokutwa nitakuwa ninakaa kwenye kifusi. Baba yako ninamwombea dua kila siku. Lakini ukuta usiuguse."

Alisema bila hasira, na hilo likawa gumu zaidi kulijibu.

Kinyozi alizisikia habari kabla ya jioni, maana nyumba ile haikuwa na siri. Alimwita Rula.

"Chuo kimefungwa?"

"Hapana."

"Basi unafanya nini hapa mchana?"

"Ninapima, baba."

"Sikukusomesha uje kupima choo!" Sauti yake ilipanda, na wote wawili wakashtuka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufoka. "Nimesimama miaka ishirini na mbili nyuma ya vichwa vya watu ili wewe ujenge majumba. Nimemwambia kila aliyekaa kwenye kiti changu: binti yangu ni msanifu. Sasa wakija waniulize, niwaambie nini? Amejenga choo cha baba yake?"

Machozi yalimlenga Rula, lakini akajikaza. "Waambie hivyo hivyo," akasema. "Kama sijui kumwingiza baba yangu chooni, watu mia nane nitawaingizaje kwenye muziki?"

Mama alikuwa mlangoni, ametoka kazini, bado ananukia mvuke wa pasi. "Mwache mtoto," alimwambia mumewe. "Mgongo ni wangu. Ninataka huo mlango."

Ilikuwa mara ya kwanza kuutaja mgongo wake mbele ya mumewe. Kinyozi aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Basi angalau usimchoree yule mama makaratasi. Hata mimi sikuelewa. Mtu akija kwangu hajui anataka mtindo gani, simchorei. Ninamshikisha kioo."

Siku iliyofuata Rula alirudi kwa mama mwenye nyumba amebeba boksi. Ndani yake mlikuwa na nyumba.

Aliikata kwa kadibodi, vyumba vyote, korido, jiko, na paa la kuondolewa kama kifuniko cha sufuria. Nje aliweka kamba za nguo kwa uzi wa kushonea. Na pembeni aliweka kiti kidogo cha magurudumu, magurudumu yake vifungo vya shati, kwa kipimo sahihi kabisa.

Mama mwenye nyumba aliinua paa. Akatoa kicheko kama msichana. "Jiko langu! Na dirisha lile bovu umelitia!" Alichungulia chumba kwa chumba, akapita kwa kidole mahali mumewe alipokuwa akikaa. Kisha akakiona kiti.

"Hiki ni cha baba yako?"

"Jaribu kukisukuma, mama."

Alikishika kwa vidole viwili. Akakipitisha sebuleni, akakipitisha koridoni, akafika mwisho. Kiti kikagonga. Akakigeuza kidogo, kikagonga. Akakiingiza kinyumenyume, kikagonga. Mama mwenye nyumba alijaribu tena na tena, anakunja uso kama mtu anayetafuta tundu la sindano, mpaka akakiacha kiti kimekwama pale, akarudisha mkono mapajani.

"Kila siku ndivyo hivi?"

"Kila siku, mama. Na siku hizi hanywi maji ili asiende."

Mama mwenye nyumba alitazama pembeni. Kisha akalirudisha paa la kadibodi mahali pake, taratibu.

"Saruji nitanunua mimi, nyumba ni yangu," alisema mwishowe. "Fundi mtamlipa nyinyi. Na awe yule aliyejenga na mume wangu. Mtu baki siwezi kumwona anaupiga nyundo."

Fundi alikuja na kofia iliyokuwa na saruji nyingi kuliko kitambaa. Alisoma karatasi ya Rula vizuri, bila kuigeuza.

"Umeandika sentimita themanini," akasema. "Themanini za shimo, au za kupita?"

Rula aliinamia karatasi yake, akaitazama upya.

"Maana nikikutobolea shimo la themanini," fundi aliendelea, "fremu inakula tano huku na tano kule. Mlango ukifunguka, unene wake nao unakula. Kiti kitaingia, ndiyo. Vidole vya mzee vitabaki kwenye fremu. Na huu mlango umeuchora unafungukia ndani. Akishaingia na kiti chake ataufungaje?"

Miaka minne, mitihani, maksi za juu, na hayo hakuyaona. Uso ulimwaka moto. "Ungekuwa wewe, mzee, ungefanyaje?"

"Shimo la mita moja kasoro kidogo. Mlango ufungukie nje. Linta mpya juu, ya kubeba ukuta juu ya mlango, kwanza tuegemeze kwa mbao, ukuta wa jamaa yangu usitue hata punje." Akamtazama, akalegeza sauti. "Usione haya. Wenye vyeti wote huwa wanasahau hilo la fremu. Wewe angalau umeuliza."

Kazi ilichukua siku nne. Siku mbili kati ya hizo nyumba nzima ilikwenda choo cha jirani, na mama mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kulalamika na wa kwanza kumletea fundi uji. Rula alichanganya zege, akabeba kifusi, akashika upande wa pili wa uzi wakati mteremko ulipokuwa ukipimwa. Jumba la muziki lilimsubiri studio, sura yake ya mbele amekwisha kuipasua mwenyewe kwa wembe.

Siku ya nne alasiri, Kinyozi alisukuma magurudumu yake mwenyewe mpaka mwisho wa korido. Familia ilimfuata, na mama mwenye nyumba, na fundi.

"Mnakwenda wapi nyote?" akauliza. "Kuna tamasha?"

Wakasimama. Akaingia. Akavuta mlango kwa kamba aliyofungiwa kwenye kitasa, na komeo likalia kwa ndani. Mama aliusikiliza mlio ule, akaegemea ukuta, akafunika macho kwa kiganja. Kutoka ndani Kinyozi alianza kuimba, vibaya sana, na hakuwa na haraka ya kutoka. Jioni hiyo alimaliza birika.

Zilibaki siku sita. Rula alizitumia zote, na hazikutosha.

Asubuhi ya kuwasilisha, jumba lake lilisimama mbele ya jopo bila ngazi. Uwanja mzima wa mbele ulipanda polepole, pana, kuzunguka jengo kama mkono unaokumbatia, na watu wote, wa kutembea na wa kusukumwa, walifika kwenye mlango mmoja. Lakini michoro ya paa ilikuwa nusu. Ukuta wa nyuma ulikuwa penseli tupu. Kwenye jopo alikaa Mwalimu Futa, mkurugenzi wa ofisi kubwa, na mwanamke mmoja mwenye mvi aliyekuwa na ofisi yake ndogo ya usanifu.

"Niliambiwa kulikuwa na ngazi," mkurugenzi alisema.

"Zilikuwepo."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi kwa nini ukazitoa?"

Rula alikuwa ameandaa maneno ya kitaalamu. Yakamkimbia yote. "Baba yangu asingeweza kupanda," akasema.

Mkurugenzi alikuna kidevu. "Ninakuelewa. Lakini jumba hili halina paa, binti. Mteja hawezi kukaa chini ya sababu nzuri." Akasema kweli, na Rula alijua kwamba ni kweli.

Mwanamke mwenye mvi hakuuliza juu ya paa. Aliinama kwenye ramani, miwani puani, akafuata milango mmoja mmoja kwa kalamu. "Vyoo vyote vinafungukia nje," alisema. "Na hapa umeandika 'tisini, za kupita'. Nani amekufundisha kuandika hivi?"

"Fundi wetu."

Mwalimu Futa alikohoa. Baadaye, wengine walipokuwa wakikusanya michoro yao, alimpita Rula karibu, akasimama. "Ule mstari wa lifti niliokuambia," alisema, akitazama dirishani. "Ulifanya vizuri kuufuta."

Rula alipata maksi hamsini na sita. Nafasi ya ofisi kubwa ilikwenda kwa mwenzake wa meza ya jirani, na Rula akampa mkono kwa moyo mzito lakini bila uongo. Nyumbani alikaa kwenye ukingo wa mteremko, na baba yake akashuka mwenyewe mpaka pale alipo.

"Hamsini na sita," Kinyozi alirudia. "Kwa hiyo umefaulu."

"Nimefaulu kwa shida."

"Kwani kwenye cheti wanaandika 'shida'?"

Rula akacheka huku anafuta pua. Baba yake akamwacha acheke, akamwacha alie. Kisha simu ikaita. Alikuwa yule mwanamke mwenye mvi. Alikuwa amepata kazi ya kukarabati zahanati tisa, moja baada ya nyingine, na alitaka mtu wa kwenda naye kupima. Mshahara mdogo, alisema, na vumbi jingi, na hakuna jumba la muziki hata moja. Je, angeweza kuanza Jumatatu?

"Mwambie ndiyo," Kinyozi alinong'ona kwa nguvu, "kabla hajapata akili!"

Jumatatu, Rula aliingia kwenye zahanati ya kwanza kabla mapokezi hayajafunguliwa. Bosi wake mpya alikuwa bado anaegesha gari. Kwenye benchi la kusubiria alikaa bibi mmoja mwenye mikongojo miwili, ameilaza magotini kama mtu aliyewahi ili apate nafasi.

Bibi aliiona tepu. "Mnakuja kujenga?"

"Tunakuja kupima kwanza, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pimeni basi. Wa mwaka jana walipima, wakapima, wakaenda zao. Hawakuniuliza hata jina."

Rula alikunja tepu, akairudisha mfukoni. Akachukua daftari na kalamu.

"Bibi," alisema, "ukifika hapa asubuhi, kutoka getini mpaka kwa daktari, unapita wapi? Nionyeshe. Mimi nitakufuata nyuma."

Bibi alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, akipima kama anataniwa. Kisha akaisimika mikongojo yake sakafuni, mmoja, wa pili, akanyanyuka.

"Ninakwenda polepole," akaonya.

"Sina haraka, bibi."

Wakatoka nje mpaka getini, wakaanza.